Jinsi ya kusoma matokeo na idadi ya wanafunzi wa shule yenu ya kata kabla hujamhamisha mtoto

Kila mwisho wa Januari NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wakishatoa matokeo ya fomu foo magrupu ya WhatsApp ya vijijini yanawaka moto, mtu anarusha skrinishoti ya sekondari ya kata, div one moja, two tatu, ziro kumi na kitu, basi hapo hapo watu wanaanza, shule imekufa ile, walimu wanalala tu, mimi wangu namhamishia mjini kwa shangazi yake. Na wengine wanahamisha kweli. Wiki mbili baadaye grupu limerudi kwenye misiba na bei ya mbegu na shule imebaki vile vile.

Naandika haya kwa mzazi, mjumbe wa bodi, mwenyekiti wa kitongoji, au kijana aliyesoma hapo na bado anaijali, wa shule ndogo ya kutwa ya kijijini yenye watoto wa wakulima na wafugaji. Nina jambo moja kubwa la kusema: lile jedwali la divisheni linawaongelea watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani tu, waliopotea njiani halina habari nao, na kwenye shule zetu waliopotea njiani wanaweza kuwa wengi kuliko waliopata ziro. Kwa hiyo ukitaka kuijua shule yako soma matokeo na uandikishaji kwa pamoja, na uende hivi.

Anza na simu yako

Ingia tovuti ya NECTA, chagua CSEE, ndio mtihani wa fomu foo, chagua mwaka, tafuta shule kwa jina au kwa namba ya kituo, ile inayoanza na herufi S. Usifungue mwaka mmoja, fungua minne au mitano na uandike kwenye daftari, mana shule ndogo inapanda na kushuka bila sababu kubwa. Shule yenye watahiniwa 32, mtoto mmoja peke yake ni asilimia tatu na ushee, wakiugua wanne siku ya mtihani asilimia 12 imeondoka na wala hakuna mwalimu aliyebadilika. Ndio mana mtu anayesema mwaka huu tumeshuka asilimia kumi muulize kwanza walikuwa wangapi.

Wengi wanakimbilia majina ya watoto na kuyapita majedwali ya jumla, wakati huko ndiko kwenye habari. Kuna safu imeandikwa REGIST, ni waliosajiliwa, kuna ABSENT, hawakutokea, na SAT, ndio waliofanya. Ukiona ABSENT sita kwenye shule ya watahiniwa hamsini simama hapo hapo, hao sita ni watoto waliovumilia miaka minne halafu wakakosekana siku ya mwisho, na kila mmoja ana sababu yake na kijiji kinaijua.

Sasa divisheni. Pointi zinahesabiwa kwenye masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Div one ni pointi 7 mpaka 17, two 18 mpaka 21, three 22 mpaka 25, four 26 mpaka 33, ziro ni 34 na 35. Angalia vizuri hiyo four. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, amefaulu, anahesabiwa kwenye ufaulu wa shule na mkuu wa shule anasoma kwenye kikao asilimia 85 wamefaulu na wazazi wanapiga makofi. Mwenye D moja na F sita ana 34, huyo ziro. Yaani tofauti ya hao wawili ni D moja tu, ila mmoja anaitwa amefaulu na mwingine amefeli. Halafu kwenda fomu faivu mtoto anatakiwa awe na C tatu kwenye masomo yasiyo ya dini na pointi zisizidi 25, kwa hiyo ukiambiwa ufaulu umepanda uliza one mpaka three wangapi na four wangapi, na kwenye hizo four ngapi ni za 32 na 33. Hapo utaona kama shule imepanda kweli au imesogeza watoto wachache kutoka ziro kuja four, ambalo nalo sio jambo baya lakini sio kitu kile kile.

Kuna GPA ya shule pia, yaani wastani wa alama za watoto wote, hii ikiwa ndogo ndio nzuri, watu wengi wanaisoma kinyume.

Shuka chini kwenye jedwali la masomo. Wengine wanaangalia somo gani limefelisha, sawa, lakini tazama pia waliosajiliwa kwa kila somo. Baada ya fomu tuu fizikia na kemia mtoto anaweza kuziacha, sasa kama fomu foo wako 52 na fizikia wamesajiliwa 4 basi shule hiyo haina mwalimu wa fizikia, au alikuwepo akahama, au maabara ni chumba kina meza tu na hakuna vifaa. Hesabu ni ya wote na ndio kaburi la wengi, mwaka 2023 nchi nzima waliofaulu hesabu walikuwa kama robo tu, kwa hiyo usimchukulie mwalimu wa hesabu wa kijijini kwako kama mhalifu kabla hujajua anafundisha mikondo mingapi na yuko na nani.

Sasa nenda shuleni, na uende vizuri

Hii ndio sehemu ambayo hakuna simu itakusaidia. Usiende peke yako na usiende siku matokeo yametoka watu wana hasira. Mtafute mjumbe wa bodi ya shule au Afisa Elimu Kata, nendeni wawili watatu, asubuhi baada ya paredi, mwambieni mkuu wa shule ukweli, shikamoo mkuu, hatujaja kukagua, tunataka tujue watoto wetu wanapotelea wapi ili tusaidiane. Wakuu wengi wa shule za kata wamechoka kulaumiwa peke yao, ukija hivyo wanafungua kabati wenyewe. Akikataa usigombane naye pale ofisini, peleka ombi kwenye bodi liandikwe kwenye muhtasari.

Ombeni daftari la uandikishaji la mwaka ule fomu foo waliomaliza walipoingia fomu wani. Waliofanya mtihani Novemba 2024 waliingia Januari 2021, anza hapo. Mwalimu wa takwimu atakuwa na namba, mwalimu wa taaluma atakuwa na matokeo ya fomu tuu. Unazitaka hizi tu: waliochaguliwa kuja shule hiyo baada ya darasa la saba, walioripoti, waliofanya mtihani wa fomu tuu, waliosajiliwa fomu foo, waliofanya, waliofaulu.

Nitoe mfano wa kutunga ili ieleweke. Tuseme shule A walichaguliwa 118, wakaripoti 97, fomu tuu wakafanya 81, fomu foo wakasajiliwa 54, wakafanya 52, wakafaulu 40. Kwenye kikao itasomwa asilimia 77 wamefaulu. Shule B ya kata jirani waliripoti 98, wakafanya fomu foo 86, wakafaulu 58, hiyo ni asilimia 67, na wazazi wa B wanataka kuhamishia watoto A. Sasa chukua waliofaulu gawanya kwa walioripoti fomu wani. A ni 40 kwa 97, asilimia 41. B ni 58 kwa 98, asilimia 59. Shule inayodharauliwa ndio inayowafikisha watoto wengi zaidi. Hesabu hii ni ya kugawanya tu, darasa la tano anaiweza, lakini sijaisikia ikisomwa kwenye kikao cha wazazi hata mara moja na inaniuma, mana tunamsifia mkuu wa shule aliyebaki na watoto wazuri na tunamzomea aliyewashikilia wagumu mpaka mwisho.

Na ndio, kuna shule zinapandisha ufaulu kwa kupunguza watoto. Mtoto mzito anaambiwa bora ukakariri darasa, bora ukae nyumbani uje ufanye kama mtahiniwa wa kujitegemea, mzazi hajui haki yake anakubali. Ukiona fomu thrii wako 80 na fomu foo waliosajiliwa 55 na hakuna maelezo, uliza kwa majina.

Kwa majina, nasisitiza, sio kwa idadi. Idadi zinadanganya bila mtu kudanganya, mana kwenye fomu foo wamo waliokariri kutoka mwaka wa nyuma na wamo waliohamia. Kaeni na daftari, mstari kwa mstari, kila jina ambalo halikufika mwisho liandikieni sababu pembeni: kahama na barua ipo, kahama kwa mdomo tu, mtoro, mimba, kaolewa, mgonjwa, amefariki, hakuripoti kabisa. Kuna neno la kuangalia sana hapo, "amehama". Mwanafunzi akihama kihalali kuna uhamisho na taarifa zake zinahama kwenye PREM, mfumo wa NECTA wa kumbukumbu za wanafunzi, kwenda shule anayokwenda, namba yake ni ile ile. Sasa unakuta jina limeandikwa amehamia Dodoma, hakuna barua, hakuna shule iliyotajwa, na pale mezani mjumbe mmoja anasema lakini huyu si binti wa mama fulani, yuko hapa kijiji cha pili anauza vitumbua stendi. Huyo hajahama. Na mstari kama huo mkiufuata mpaka mwisho unawafundisha kuliko jedwali zima.

Wale ambao hawakuripoti kabisa, wale 21 kwenye mfano wangu, usiwasahau. Wapo waliopelekwa shule za kulipia, heri yao. Wapo waliopelekwa mjini kufanya kazi za ndani, wapo kwenye machungio, wapo machimboni. Watendaji wa vijiji ndio wenye uwezo wa kuwafuatilia hao Januari na Februari, mwezi wa nne umeshachelewa.

Rejista ya mahudhurio

Mtoto haachi shule siku moja. Chukua rejista ya fomu tuu, fungua mwezi wa kilimo kwenu, kwetu ukanda wa kati ni Desemba na Januari tunapanda, Mei na Juni tunavuna, halafu fungua na mwezi wa kawaida uzilinganishe. Angalia siku ya mnada. Angalia Ijumaa na Jumatatu kwa watoto waliopanga mageto, mana mtoto aliyepanga chumba karibu na shule anarudi nyumbani wikiendi kufuata unga, kama nyumbani hakuna unga harudi Jumatatu, anarudi Jumatano, wiki inayofuata harudi. Ukiona jina lina mapengo ya siku mbili mbili kila mwanzo wa wiki usiandike mtoro, andika chakula.

Geto lenyewe ni habari ndefu. Mtoto wa miaka 14 anaishi peke yake, anapika mwenyewe, kibatari, mlango wa bati. Mabinti wengi tunaowapoteza tunawapotezea hapo na njiani kwenye lifti za bodaboda, sio darasani. Kwa hiyo mkishamaliza kuorodhesha majina chora ramani ya kata, hata kwa mkono, weka kila aliyepotea kwenye kitongoji chake. Kama wengi wanatoka vitongoji viwili vilivyo kilomita nane kumi kutoka shule basi tatizo la ufaulu wenu ni umbali, na walimu hata wakifundisha usiku kucha halitaisha.

Uliza walimu, kwa somo

Usiulize walimu wako wangapi, utaambiwa 14 utaona wanatosha. Uliza kila somo nani anafundisha na vipindi vingapi kwa wiki, utakuta historia wako wanne na hesabu mmoja, au hakuna, anafundisha kijana wa kujitolea aliyemaliza chuo anasubiri ajira. Huyo wa kujitolea mlindeni, mchangieni nauli na chumba, ila utaratibu upite kwenye bodi na mchango uwe wa hiari, mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga, hilo serikali ilishalikataza tangu elimu bila ada ilipoanza 2016.

Na pesa za serikali zinaangalia kichwa. Ruzuku ya sekondari inapigwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sio yote inafika shuleni mana sehemu inakwenda kwenye vitabu, halafu kuna fidia ya ile ada ya kutwa ya 20,000 iliyofutwa. Shule ikipungua watoto arobaini imepungukiwa na chaki, karatasi za mitihani na matengenezo pia. Ndio mana nasema kuhamisha watoto kwa hasira kunaiumiza zaidi shule wanayobaki wale ambao hawana shangazi mjini.

Mkishajua, fanyeni machache

Msiandike mpango wa mambo kumi na tano, chagueni mawili. Kwa ninavyoona mimi chakula ndio cha kwanza. Makande ya mchana tu, wazazi mnakubaliana debe ngapi za mahindi na maharage kwa kila mtoto wakati wa mavuno, sio Oktoba ghala likiwa tupu, mnachagua mzazi wa kushika stoo na anaandika kila kilo inayotoka. Asiyekuwa na mahindi alete kuni au aje kupika. Mahudhurio yakipanda hayo ndio matokeo ya kwanza, divisheni zitafuata baadaye, msikate tamaa Januari ya kwanza.

Cha pili ni fomu wani. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anaambiwa baiolojia kwa Kiingereza, anakaa kimya miezi sita na hakuna anayejua kwamba hajaelewa. Kampeni nyingi za kata zinawekwa kwenye kambi ya fomu foo, taa, uji, walimu wa kukodi, wakati mtoto aliyeachwa fomu wani haokolewi na kambi ya miezi mitatu. Kama mna mwalimu mzuri wa Kiingereza mmoja tu mwombeni mkuu wa shule ampange fomu wani. Na matokeo ya fomu tuu yafanyieni kikao chake, yanatoka Januari hiyo hiyo na hakuna anayeyaangalia, wakati bado mna miaka miwili mkononi.

Mabinti waliokatiza kwa mimba. Toka Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shule ya serikali baada ya kujifungua, na mpaka leo kuna wazazi hawajui, kuna na walimu wanajifanya hawajui. Kwenye orodha yenu ya majina wamo, nendeni nyumbani kwao, mama mmoja na mwalimu wa malezi, muulizeni anataka nini, mtoto atabaki na nani, sio kumsomea waraka.

Kulinganisha, linganisheni na shule ya kutwa ya kata jirani inayopokea watoto kama wenu. Msijipime na Ilboru wala Kilakala, kule wanapelekwa waliofanya vizuri zaidi darasa la saba na wanalala bweni. NECTA wenyewe Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora.

Fungueni macho na 2028

Hili halisemwi sana vijijini na linakuja. Kwa mtaala mpya watoto walioingia la tatu mwaka 2024 wanamaliza msingi wakiwa la sita mwaka 2027, na mwaka huo huo waliokuwa la nne 2024 wanamaliza la saba. Wote wawili wanagonga mlango wa fomu wani Januari 2028, karibu mara mbili ya kawaida, na hao wa la sita sekondari mpaka fomu foo kwao ni elimu ya lazima.

Hesabu yake mnaweza kuifanya wiki moja. Pita kila shule ya msingi ya kata, mwombe mwalimu mkuu idadi ya madarasa hayo mawili, jumlisha, gawanya kwa 40 ambao ndio kiwango cha darasa la sekondari, toa vyumba mlivyonavyo vya fomu wani. Mkipata mnahitaji vyumba vinne vya ziada basi ndivyo hivyo, na hesabuni viti, meza na matundu ya choo, ya wasichana yasiwe ya mwisho. Karatasi hiyo ipite kwenye bodi, iende kamati ya maendeleo ya kata, diwani aibebe halmashauri kabla bajeti haijafungwa, bajeti ya mwaka unaoanza Julai inaanza kupikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo ombi la Mei limeshachelewa. Ambatisheni na ile orodha ya majina na ramani ya vitongoji, mana diwani akisimama na namba za kata yake, huyu anatoka wapi, anatembea kilomita ngapi, ni vigumu kumjibu kwamba suala linafanyiwa kazi.